Usakinishaji wa Firefox kwa mkono kwenye Linux

Usakinishaji wa Firefox kwa mkono kwenye Linux ni njia ya kuweka kivinjari cha Firefox katika kompyuta inayotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux kwa kutumia faili lililobanwa linalotolewa na Mozilla wenyewe, badala ya kifurushi kilichoandaliwa na watengenezaji wa mfumo husika. Mtumiaji hupakua faili, hulihakiki, hulifungua, huliweka mahali pake na kuliunganisha na menyu ya kompyuta. Njia hii hutumika hasa pale ambapo mfumo una toleo la zamani la kivinjari, intaneti ni ghali au hafifu, au kompyuta nyingi zinatakiwa kupata programu ileile kutoka kwenye faili moja.

Katika Tanzania njia hii inafaa kwa maabara za kompyuta za shule, ofisi ndogo na maduka ya steshenari yanayotumia kompyuta zilizotumika, kwa mfano katika miji midogo kama Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu katika Mkoa wa Shinyanga.

## Historia

Linux ilianza mwaka 1991 wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotangaza kiini cha mfumo wa uendeshaji alichokuwa akikiandika. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, watu na taasisi mbalimbali wametengeneza aina nyingi za Linux. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, inayotokana na Debian, ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za Kinguni lenye maana ya "utu". Hadi mwaka 2011 Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bila malipo kwa njia ya posta, hata kwa watu wa nchi ambazo kupakua mfumo mzima kulikuwa kugumu.

Firefox nayo ina asili katika kivinjari cha Netscape, ambacho msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 1998. Kivinjari kipya kilichotokana na kazi hiyo kiliitwa kwanza Phoenix, kisha Firebird, na mwanzoni mwa mwaka 2004 kikapewa jina la Firefox. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Taasisi ya Mozilla, iliyoanzishwa mwaka 2003, ndiyo inayokisimamia.

Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulianza kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Matunda yake ya kwanza yalikuwa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa Desemba 2004, pamoja na orodha ya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Mradi huo ulionyesha faida moja kubwa ya programu huria: watumiaji wenyewe wanaweza kuifanyia kazi programu bila kusubiri kampuni ione kuwa soko lao linatosha.

## Njia za kupata Firefox kwenye Linux

Kuna njia nne zinazotumika zaidi.

* Kifurushi cha mfumo. Aina nyingi za Linux huja na Firefox tayari. Debian hutumia toleo la msaada wa muda mrefu, linaloitwa ESR, ambalo hubadilishwa kwa kiasi kikubwa takriban mara moja kwa mwaka lakini huendelea kupata marekebisho ya usalama.
* Snap na Flatpak. Vifurushi hivi hubeba programu pamoja na sehemu kubwa ya vitu inavyovihitaji. Kuanzia toleo la 22.04, la Aprili 2022, Ubuntu inatoa Firefox kwa njia ya snap pekee. Kifurushi cha kawaida kinachoitwa firefox katika ghala la Ubuntu ni daraja tu la kuileta snap hiyo.
* Ghala la Mozilla kwa Debian na Ubuntu. Tangu mwaka 2024 Mozilla ina ghala lake la vifurushi vya mtindo wa Debian. Mtumiaji akishaliunganisha na mfumo, masasisho huja pamoja na masasisho mengine ya kompyuta.
* Faili lililobanwa. Hii ndiyo njia ya mkono inayoelezwa katika makala hii. Inafanya kazi kwenye karibu kila aina ya Linux kwa kuwa haitegemei mfumo wa vifurushi.

Penye intaneti ya uhakika, njia tatu za kwanza ni rahisi zaidi, na kwa watumiaji wengi hakuna haja ya kusakinisha kwa mkono.

## Sababu za kusakinisha kwa mkono

Sababu ya kwanza ni gharama ya intaneti. Mtu anayenunua bando hulipia kila megabaiti. Ikiwa faili la Firefox lina megabaiti 75 na maabara ina kompyuta 20, kila kompyuta ikijipakulia yenyewe jumla huwa megabaiti 1,500. Faili likipakuliwa mara moja na kusambazwa kwa flashi, jumla hubaki megabaiti 75. Snap, kwa kawaida yake, hutafuta masasisho mara nne kwa siku na huyapakua yenyewe, jambo linaloweza kumaliza bando bila mwenye kompyuta kujua.

Sababu ya pili ni umri wa mfumo. Kompyuta iliyowekewa Linux miaka kadhaa iliyopita, kisha ikakosa masasisho, hubaki na kivinjari cha siku ile. Tovuti nyingi hukataa vivinjari vya zamani au huonekana vibaya ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha sita hutazama matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), huomba chuo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na huomba mkopo kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Maombi haya yana tarehe za mwisho. Kivinjari kisichofungua ukurasa siku ya mwisho kinaweza kumgharimu mwombaji mwaka mzima.

Sababu ya tatu ni vyeti vya usalama. Tovuti yenye anwani inayoanza na `https` huthibitisha utambulisho wake kwa cheti, na kivinjari huamini cheti hicho kwa kukilinganisha na vyeti vya mizizi kilivyonavyo. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kilichoitwa DST Root CA X3, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti zilizotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, kilimaliza muda wake. Vifaa vingi vya zamani vikashindwa kufungua tovuti hizo. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti vya mizizi, kwa hiyo Firefox mpya kwenye mfumo wa zamani iliendelea kufanya kazi. Firefox yenyewe nayo huzeeka: tarehe 14 Machi 2025 cheti kimoja cha mzizi ndani ya matoleo yaliyotangulia 128, au ESR 115.13, kilikwisha muda, na nyongeza pamoja na baadhi ya huduma za matoleo hayo zikaacha kufanya kazi.

## Maandalizi

### Kutambua aina ya kompyuta

Faili la Firefox hutengenezwa kwa aina maalumu ya kichakato. Amri ifuatayo, ikiandikwa kwenye terminali, huonyesha aina hiyo:

    uname -m

Jibu `x86_64` lina maana ya biti 64, na ndilo la kompyuta nyingi zinazotumika sasa. Jibu `aarch64` ni la vichakato vya ARM vya biti 64. Mozilla ilianza kutoa faili rasmi la Linux kwa vichakato hivyo katika toleo la 136, mwezi Machi 2025. Jibu `i686` au `i586` ni la mfumo wa biti 32.

Kwa mfumo wa biti 32 hali imebadilika. Ubuntu iliacha kutoa diski ya usakinishaji ya biti 32 kwa kompyuta za mezani kuanzia toleo la 17.10, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina kisakinishi cha biti 32. Mozilla nayo iliacha kutengeneza Firefox ya kawaida ya biti 32 kwa Linux baada ya toleo la 144. ESR 140 ndiyo iliyobaki kwa kipindi cha mpito. Hata hivyo, jibu la `i686` halina maana kwamba kichakato chenyewe lazima ni cha biti 32. Kompyuta nyingi zina kichakato cha biti 64 lakini ziliwekewa mfumo wa biti 32. Amri `lscpu` huonyesha, kwenye mstari wa njia za uendeshaji, kama kichakato kinakubali biti 64. Kikikubali, ni vizuri kuweka upya mfumo wa biti 64.

### Mahitaji ya mfumo

Firefox inahitaji maktaba za msingi ambazo mfumo wenye mazingira ya picha huwa nazo tayari, hasa glibc na GTK 3. Mfumo usio wa zamani sana hutimiza mahitaji hayo. Programu ya `tar`, inayofungua mafaili yaliyobanwa, nayo huwepo karibu kila mahali. Kwa mafaili ya mtindo wa `xz` inahitajika pia programu ya `xz`, inayopatikana katika kifurushi cha `xz-utils` kwenye Debian na Ubuntu.

### Kuangalia saa

Kompyuta zilizotumika kwa miaka mingi mara nyingi zina betri ndogo ya saa iliyokufa. Umeme ukikatika, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari huona vyeti vyote kuwa havijaanza kutumika, kisha hukataa kila tovuti. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kivinjari, ni vyema kuandika amri `date` na kuhakikisha kuwa tarehe ni sahihi. Betri hiyo, ya duara na ukubwa wa sarafu, hubadilishwa kwa urahisi.

## Hatua za usakinishaji

### 1. Kupakua

Faili hupakuliwa kutoka tovuti rasmi ya Mozilla pekee. Tovuti nyingine zinazojitangaza kutoa Firefox zinaweza kuwa zimechanganya ndani yake programu za matangazo au za wizi wa nywila. Hadi toleo la 134 jina la faili liliishia na `.tar.bz2`. Tangu toleo la 135, la Februari 2025, linaishia na `.tar.xz`, mtindo unaobana zaidi, kwa hiyo upakuaji hutumia data kidogo.

### 2. Kuhakiki

Faili linaweza kuharibika njiani, hasa mtandao unapokatika mara kwa mara au flashi inapochomolewa mapema. Mozilla huweka, kwenye folda ya kila toleo katika seva yake ya mafaili, orodha iitwayo `SHA256SUMS` yenye alama ya uhakiki ya kila faili. Mtumiaji hukokotoa alama ya faili lake:

    sha256sum firefox-*.tar.xz

Jibu ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64, ambao hulinganishwa na ule ulio kwenye orodha. Herufi moja ikitofautiana, faili si lile lililotolewa na Mozilla, na halifai kusakinishwa.

Ulinganisho huu peke yake hauthibitishi kuwa orodha yenyewe ni ya kweli. Kwa hilo kuna sahihi ya kidijitali katika faili la `SHA256SUMS.asc`, inayohakikiwa kwa programu ya GPG baada ya kuingiza ufunguo wa Mozilla ulio kwenye faili la `KEY`:

    gpg --import KEY
    gpg --verify SHA256SUMS.asc SHA256SUMS

Anayepokea faili kwa mkono wa mtu mwingine hana budi kulihakiki. Orodha ya alama ni ndogo, na inaweza kufunguliwa hata kwa simu.

### 3. Kufungua

Faili hunakiliwa kwanza kwenye diski ya kompyuta, kisha hufunguliwa hapo:

    tar xJf firefox-*.tar.xz

Matokeo yake ni folda moja yenye jina `firefox`. Haifai kulifungua faili juu ya flashi na kuiendesha programu kutoka hapo. Flashi nyingi zina mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauhifadhi ruhusa za mafaili kwa mtindo wa Linux.

### 4. Kuweka mahali pake

Kwa desturi ya Linux, programu zisizotoka kwenye vifurushi vya mfumo huwekwa katika folda ya `/opt`:

    sudo mv firefox /opt

Neno `sudo` huomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kama `/opt/firefox` ilikuwepo kutoka usakinishaji wa zamani, huondolewa kwanza ili mafaili ya matoleo mawili yasichanganyike.

### 5. Kuweka kiungo cha amri

    sudo ln -s /opt/firefox/firefox /usr/local/bin/firefox

Kiungo hiki huiwezesha terminali kuitambua amri ya `firefox`. Katika mpangilio wa kawaida, mfumo hutafuta amri katika `/usr/local/bin` kabla ya `/usr/bin`. Kwa hiyo Firefox mpya hutangulia ile iliyokuja na mfumo, hata kama ya zamani haijaondolewa.

### 6. Kuiingiza kwenye menyu

Bila hatua hii kivinjari hufanya kazi lakini hakionekani kwenye menyu. Faili la maandishi liitwalo `firefox.desktop` huwekwa katika `/usr/local/share/applications` likiwa na mistari hii:

    [Desktop Entry]
    Type=Application
    Name=Firefox
    Comment=Kivinjari cha intaneti
    Exec=/opt/firefox/firefox %u
    Icon=/opt/firefox/browser/chrome/icons/default/default128.png
    Terminal=false
    Categories=Network;WebBrowser;
    MimeType=text/html;x-scheme-handler/http;x-scheme-handler/https;

Kama folda hiyo haipo, huundwa kwa amri ya `sudo mkdir -p`. Mstari wa `Exec` ndio unaoeleza programu ilipo; kosa dogo katika mstari huo huifanya alama ya menyu isifungue chochote.

### 7. Kuthibitisha

    /opt/firefox/firefox --version

Amri hii huonyesha namba ya toleo. Ikilingana na ya faili lililopakuliwa, kazi imekamilika.

### Bila mamlaka ya msimamizi

Mtumiaji asiye na nywila ya msimamizi anaweza kuiacha folda ya `firefox` ndani ya folda yake ya nyumbani na kuiendesha kwa amri `~/firefox/firefox`. Atakayeiona ni yeye peke yake. Katika matoleo mapya ya Ubuntu, kuanzia 24.04, Firefox iliyowekwa namna hii inaweza kutoa onyo kwamba baadhi ya kinga zake zimepungua. Hii ni kwa sababu mfumo huo unazizuia programu usizozitambua kutumia sehemu fulani za kiini cha Linux.

## Wasifu na alamisho

Watumiaji wengi hushtuka wanapofungua Firefox mpya na kukuta alamisho, nywila na historia yao haipo. Data hizo hazijapotea. Firefox huhifadhi mambo ya mtumiaji nje ya programu yenyewe, katika wasifu ulio ndani ya folda ya nyumbani, kwa kawaida `~/.mozilla/firefox`. Tangu toleo la 67, la Mei 2019, kila usakinishaji hupewa wasifu wake. Kwa hiyo Firefox ya `/opt` huanza na wasifu mpya hata kama wa zamani upo.

Ili kurudisha ule wa zamani, mtumiaji huandika `about:profiles` kwenye sehemu ya anwani na kuuchagua kuwa wa kawaida. Firefox ya snap huweka wasifu wake mahali pengine, `~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox`, na lazima unakiliwe. Nakala hii ifanywe kabla ya kuiondoa snap, maana kuiondoa huondoa pia folda ya data zake.

Kuhamisha wasifu kutoka toleo jipya kwenda la zamani hakushauriwi, na Firefox huonya inapogundua hivyo.

## Masasisho na usalama

Firefox hutoa toleo jipya takriban kila baada ya wiki nne, na matoleo mengi hufunga mianya ya usalama. Kivinjari kilichosakinishwa kwa mkono hakisasishwi na mfumo wa vifurushi. Amri kama `apt upgrade` haikigusi kabisa.

Badala yake Firefox hujisasisha yenyewe, kwa sharti kwamba anayeitumia ana ruhusa ya kuandika katika folda ilimo. Folda iliyofunguliwa na mtumiaji wa kawaida kisha ikahamishiwa `/opt` hubaki kuwa mali ya mtumiaji huyo. Akiifungua yeye, itajisasisha. Akiifungua mwingine, haitaweza.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja mpango huo unatosha. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi una hatari, kwa kuwa anayeweza kuandika katika folda ya programu anaweza pia kuibadilisha programu yenyewe. Katika maabara ya shule au dukani inafaa folda iwe mali ya msimamizi:

    sudo chown -R root:root /opt/firefox

Baada ya hapo Firefox haitajisasisha kwa mtumiaji wa kawaida. Msimamizi hana budi kuwa na ratiba: kila mwezi anapakua faili jipya, analihakiki, anaondoa folda ya zamani na kuweka mpya. Kiungo cha amri na faili la menyu havihitaji kuguswa. Kwa mazingira ya namna hii ESR inafaa zaidi, kwani sura na mipangilio yake haibadiliki kila mwezi. Masasisho yake ya usalama bado yanahitajika.

Usakinishaji wa mkono ulioachwa bila masasisho ni hatari kuliko kutousakinisha kabisa. Mfumo hauwezi kumwonya mtumiaji kuhusu programu usiyoijua, na kivinjari huendelea kufunguka vizuri huku kikiwa na mianya inayojulikana na wahalifu.

Kwenye kompyuta za umma kuna jambo jingine la kuzingatia. Mteja anayejaza fomu ya mkopo dukani huacha nyuma namba ya mtihani, taarifa za wazazi na pengine nywila. Dirisha la faragha la Firefox halihifadhi historia wala vidakuzi baada ya kufungwa, na msimamizi anaweza kuzima uwezo wa kuhifadhi nywila. Mafaili yaliyopakuliwa yanaweza kubaki kwenye kompyuta. Yakibaki, hufutwa kwa mkono.

## Matatizo ya kawaida

* "Exec format error". Faili si la aina ya kichakato hicho, kwa mfano faili la biti 64 kwenye mfumo wa biti 32.
* "error while loading shared libraries". Maktaba fulani haipo. Jina lake hutajwa kwenye ujumbe, na huwekwa kwa kutumia vifurushi vya mfumo.
* "Permission denied". Mara nyingi programu inaendeshwa kutoka kwenye flashi, au ruhusa za mafaili zilipotea wakati folda iliyokwisha kufunguliwa ilipobebwa kwa flashi. Dawa yake ni kubeba faili likiwa bado limebanwa.
* Tovuti zote zinakataliwa. Tarehe ya kompyuta imerudi nyuma.
* Toleo la zamani ndilo linalofunguka. Firefox ya zamani ilikuwa wazi, au alama iliyobonyezwa ni ya kifurushi cha mfumo. Amri `which firefox` huonyesha ipi inayoitwa kwenye terminali.
* Kompyuta inakuwa nzito. Firefox ya sasa hutumia kumbukumbu nyingi. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 2 au pungufu husaidia kufungua kurasa chache kwa wakati mmoja na kutumia mazingira mepesi kama LXQt au Xfce.

## Kuondoa

Kwa kuwa mafaili yako mahali pachache panapojulikana, kuondoa Firefox iliyosakinishwa kwa mkono ni rahisi:

    sudo rm -r /opt/firefox
    sudo rm /usr/local/bin/firefox
    sudo rm /usr/local/share/applications/firefox.desktop

Amri ya `rm` haiulizi mara mbili wala haipeleki kitu kwenye pipa la taka, hivyo anwani iandikwe kwa uangalifu. Wasifu wa mtumiaji hubaki katika folda yake ya nyumbani hadi aufute mwenyewe.

## Katika mazingira ya Tanzania

Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, intaneti ya Tanzania iliacha kutegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kwa watu wengi nje ya miji mikubwa intaneti ni ya simu, inayolipiwa kwa bando.

Mhunze inaweza kuwa mfano wa mazingira hayo. Wilaya ya Kishapu inajulikana kwa kilimo cha pamba, ufugaji, na machimbo ya almasi ya Mwadui. Mzazi anayemsaidia mtoto kuomba chuo, au kijana anayetafuta kazi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, mara nyingi hutegemea kompyuta ya dukani. Kompyuta hiyo ikiwa ya zamani, mwenye duka ana njia tatu: kununua nyingine, kuweka mfumo wa kibiashara usio na leseni, au kutumia Linux. Mfumo usio na leseni hutoka mara nyingi kwenye nakala zilizochezewa, na nyingine zina virusi ndani yake. Linux ni halali na haina gharama ya leseni. Kinachohitajika ni mtu anayejua kuitunza, na kusakinisha kivinjari kwa mkono ni sehemu ya ujuzi huo.

Kwa wanafunzi, zoezi hili lina faida ya ziada. Ndani ya hatua chache mwanafunzi hukutana na mafaili yaliyobanwa, ruhusa, viungo, njia za utafutaji wa amri na alama za uhakiki. Haya ni mambo ya msingi katika masomo ya kompyuta, na hapa anayaona yakifanya kazi kwenye programu anayoitumia kila siku.

## Tazama pia

* Linux
* Mozilla Firefox
* Programu huria
* Ubuntu
* Debian
* Wilaya ya Kishapu